Pengo la Ada Lihesabiwe Julai, Tusingoje Oktoba

Nimefundisha sekondari miaka mingi, na kila Julai nimeshuhudia furaha ileile ikiingia majumbani mwetu. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, simu zinapigwa huku na huku, bibi anamshukuru Mungu, kijana ananunuliwa begi jipya. Kisha Oktoba inafika. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatangaza waliopangiwa mikopo, na ndipo hesabu inapoanza: kijana amepata, lakini hakupata yote. Siku zilizobaki kabla ya chuo kufunguliwa hazitoshi hata kumtafutia mbuzi mnunuzi wa bei nzuri.

Ninaloliamini kwa moyo wangu wote ni hili: watoto wetu wengi hawaangushwi na ukubwa wa fedha iliyopungua. Wanaangushwa na kuchelewa kwetu kuihesabu, na aibu yetu ya kuitaja.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mtulivu, hodari wa hisabati. Alipata nafasi ya shahada katika chuo cha mkoa wa mbali, na mkopo wake ulilipa sehemu tu ya ada. Ili asajiliwe alihitaji shilingi 340,000 zaidi. Baba yake alimpa nauli na maneno ya kutia moyo, akamwambia Mungu atafungua njia. Kijana alikaa chuoni wiki kadhaa, akihudhuria mihadhara bila kusajiliwa, akilala chumbani kwa rafiki. Januari nilimkuta stendi ya mji wetu akibeba mizigo ya abiria. Akaniambia ameahirisha mwaka. Kumbe hakuwa ameahirisha. Aliondoka tu, bila barua wala ruhusa, na nafasi yake ikapotea.

Baadaye nilizungumza na mjomba wake, mtu mwenye duka lake na si mchoyo hata kidogo. Miezi ileile alikuwa ametoa 200,000 katika mchango wa harusi ya mtoto wa jirani. Aliinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, ningejua ningetoa. Hakuna aliyeniambia." Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Sisemi harusi ziachwe. Harusi ndizo zinazoonyesha kwamba tunaijua kazi hii. Tunajua kuunda kamati, kumchagua mwenyekiti na mhazini, kuandika ahadi daftarini, kuweka tarehe ya mwisho na kumkumbusha aliyesahau. Ustadi wote huo tunao. Kwa mtoto anayekwenda chuo tunauweka kando, tunamwachia baba na mama wahangaike peke yao usiku, kana kwamba kukosa ada ni kosa la kufichwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme ada ya mwaka ni 1,300,000 na Bodi imempa mtoto asilimia 60 ya ada hiyo. Imebaki 520,000. Juu yake kuna vitu vidogo ambavyo mzazi husahau kuviuliza: bima ya afya, ambayo wanafunzi wamekuwa wakiilipia 50,400 kwa mwaka, ada ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), 20,000, chama cha wanafunzi, kitambulisho. Fedha ya chakula na malazi, ile wanayoiita bumu, ilipandishwa 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na ni msaada mkubwa kwa aliyeipata. Lakini fedha hiyo haikukusudiwa kulipa ada, na mara nyingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hushuka kwenye basi kabla haijaingia. Lazima awe na chochote cha kuanzia.

Sasa, 520,000 ukiitamka Oktoba mbele ya baba mwenye ekari mbili za mahindi, umemwonyesha mlima. Itamke mapema mbele ya ndugu kumi. Kila mmoja atoe 1,000 kwa wiki, bei ya soda. Wiki 52 zikitimia, ndugu hao wametoa 520,000 kamili. Wakianza Julai mtoto anapoingia kidato cha sita, siku ya matokeo pengo la ada ya mwaka wa kwanza limezibwa, na wakiendelea hivyohivyo, mwaka wa pili utaikuta fedha yake. Na kama mmechelewa, anzeni Julai ya matokeo yenyewe. Vyuo vingi hupokea ada kwa mihula, kwa hiyo kwanza mnatafuta nusu, yaani 260,000. Ndugu kumi wakitoa mara mbili ya ile 1,000 kwa wiki wanaweza kuipata kabla chuo hakijafunguliwa.

Kuna jambo limetuzoesha vibaya, nalo lenyewe ni jema. Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na sita. Nimeyaona madarasa yakijaa watoto ambao zamani wangebaki kuchunga, na sitaacha kulisifu jambo hilo. Ila sasa mtoto husoma miaka 13 bila mzazi kulisikia neno ada, halafu chuo kinalitamka mara moja, kwa mamilioni. Kabla haijafutwa, ada ya bweni ilikuwa 70,000 kwa mwaka. Fedha tuliyosamehewa ilipita mikononi mwetu kimya kimya, na pamoja nayo yakapotea yale mazoea ya kuweka kidogo kila muhula.

Wazee wetu walifanya haya kabla hatujajua bodi ya mikopo ni kitu gani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliounda chama chao cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, walitumia sehemu ya fedha za kahawa kujenga shule na kusomesha watoto wao. Na mwaka 1959 vijana wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, baadhi pamoja na msaada wa ada. Kilichopungua kilikuwa nauli. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alikwenda Marekani akazunguka akihutubia na kuomba. Mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Huku nyumbani jamaa na majirani wakachanga fedha ya matumizi. Septemba mwaka huo ndege ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai, binti wa Nyeri, akasafiri kwa mpango huo, na 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Msaada mkubwa ulikuwapo lakini ulipungua; watu wakakaa wakaupima upungufu, wakagawana.

Najua atakayeniuliza: je, kusomesha vijana si kazi ya Serikali? Ni kazi yake, na wanaodai mikopo iongezwe wanadai haki. Nami nadai pamoja nao. Lakini mtoto aliye mlangoni mwa chuo Oktoba hii hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Nanyi vijana, msiupokee upungufu kama hukumu. Baada ya kupanga mikopo Bodi hufungua dirisha la rufaa. Anayekata rufaa apeleke ushahidi, kama cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) au uthibitisho wa ulemavu, wala asidanganye hata kwa neno moja. Ukifika chuoni, wiki ya kwanza mtafute afisa mikopo na mshauri wa wanafunzi, uombe kwa barua kulipa kwa awamu. Ikishindikana kabisa, ahirisha masomo kwa maandishi, ili mwaka ujao uwe na pa kurudi. Usiondoke kimya kama yule kijana wangu.

Na jihadharini na msaada wa haraka. Mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, haijamvusha mwanafunzi. Humfuata mpaka kwenye simu za ndugu zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na msaada wa haraka si mikopo tu: binti zangu, mnawajua mafataki, wale wanaume watu wazima wanaosubiri nje ya geti mwezi ambao bumu limechelewa. Binti aliyeambiwa na nyumbani kwamba kupungukiwa si aibu atapiga simu kwa shangazi yake kwanza.

Neno moja kwa mliokwisha kusoma kwa fedha za Bodi. Tangu sheria iliporekebishwa 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi badala ya 8. Inauma, najua, mwanangu mwenyewe anakatwa. Lakini ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na fedha inayorudi ndiyo anayokopeshwa anayefuata. Anayejificha asilipe anamfungia mlango mtoto wa dada yake.

Basi, wewe mwenye mtoto kidato cha sita, waite ndugu zako Jumapili hii. Chagueni mhazini, fungueni daftari, andikeni pengo lote kwa tarakimu, bila kupunguza wala kuficha. Na mtoto mwenyewe akae kikaoni, asikie majina ya watu atakaowapigia simu siku mambo yakimzidi.