KAVIARI YETU IMO MTUNGINI

Nashika kalamu kutoa maoni yangu juu ya jambo lililozuka katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba Isiolo inahitaji zao lake la kifahari. Mwenzetu mmoja akasimama akasema: "Jamani, Madagaska wanafuga stajeni katika Ziwa Mantasoa, na mayai yake, yaani kaviari, yanaliwa katika hoteli za kifahari. Mbona sisi tusichimbe mabwawa?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nilinyamaza siku hiyo. Leo najibu.

Kwanza nakiri kwamba mwenzetu hakusema uongo. Stajeni ni samaki wa nchi za kaskazini, na kaviari yenye sifa kubwa ilitoka Bahari ya Kaspi. Alivuliwa mno hata mwaka 1998 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa, na watu wakageukia kumfuga. Wala samaki mgeni si mwiko kwetu. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, na mpaka sasa wanaogelea katika mito ya Mlima Kenya.

Lakini ndugu zangu, Mantasoa iko nyanda za juu penye baridi na maji tele. Sisi je? Ewaso Nyiro yenyewe imewahi kukauka pale Archer's Post miaka ya ukame mkali. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi, na mengi yaliishia kuwa mashimo matupu. Stajeni jike hungojewa miaka mingi kabla ya kutoa mayai. Nani hapa atamtilia samaki maji miaka yote hiyo, na mbuzi wana kiu?

Hata hivyo, kaviari ina funzo. Bei yake haitokani na utamu peke yake. Mayai hutolewa kwa usafi, hutiwa chumvi kidogo, huwekwa penye baridi, na kila kopo huwa na kibandiko kinachosema ni la samaki gani, limetoka nchi gani na mwaka gani. Mnunuzi anajua anachokula. Hapo ndipo penye fedha.

Sasa tazameni kwetu. Mamangu huuza maziwa ya ngamia. Alfajiri huyapokea kutoka malishoni, huyaonja, huyanusa, huyachuja, kisha huyapakia kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya kilomita 280 hivi. Karo yangu imetoka katika mitungi hiyo. Likizo iliyopita gari liliharibika njiani, jua likawaka, na jioni simu ikalia: "Mama, maziwa yamekufa." Msinielewe vibaya, suusa ni maziwa yaliyochacha, nayo tunaipenda. Lakini suusa huchachishwa kwa makusudi, katika chombo safi kilichofukizwa moshi. Yale yaliharibika tu. Mama aliketi kimya, kisha akasema, "Kesho tutapeleka mengine." Mimi nilirudi shule wiki moja baada ya wenzangu.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafanywe. Kwanza, tuache mitungi ya plastiki iliyokuwa na mafuta ya kupikia, kwa maana haisafishiki vizuri. Mikebe ya alumini husuguliwa ikatakata. Pili, kaunti ihakikishe mashine za kupoza maziwa zipo na zinafanya kazi, kuanzia malishoni hadi mjini. Tatu, maziwa yapewe jina. Akina mama wa ushirika wa Anolei wameonyesha kwamba wanawake wakiungana biashara hii inawezekana. Basi Eastleigh iyanywe ikijua, "Haya ni ya Isiolo."

Na tusisahau nyirinyiri! Nyama hukatwa vipande vidogo, ikakaangwa ikakauka, ikahifadhiwa katika mafuta yake. Hukaa wiki nyingi bila friji. Kaviari yaweza hilo?

Mtasema ngamia pia hufa njaa. Ni kweli. Lakini katika ukame wa 2020 hadi 2023 sote tuliona ng'ombe walivyoanguka, na ngamia wengi wakabaki wamesimama. Basi tuujenge uchumi wetu juu ya mnyama anayesimama.

Mwisho, niseme lililo gumu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, nilificha kopo langu la nyirinyiri chini ya kitanda kwa sababu wenzangu walicheka harufu yake. Na wengine kati yao nyumbani kwao wanakula hiyo hiyo! Siku ile ya mjadala nilinyamaza kwa aibu ile ile. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tukionea haya chakula chetu, tusitarajie mgeni akinunue kwa bei nzuri.

Kopo langu sasa liko juu ya sanduku. Karibuni muonje.

Mwanachama, Kidato cha Tatu