Embe bichi la Ellena
Jean-Claude Ellena, mtunga manukato mzaliwa wa Grasse, Ufaransa, alikwenda Aswan kutafuta harufu ya Mto Nile, akaikuta kwenye maembe mabichi yanayoning'inia mtini. Marashi aliyoyatunga, Un Jardin sur le Nil ya mwaka 2005, hayana hata tone la embe; ni malighafi chache zilizopangwa hadi pua ikadanganyika. Kabla ya hapo, mwaka 1976, alipotunga marashi ya First kwa kampuni ya vito ya Van Cleef & Arpels, alirundika kila kitu. Baadaye akapunguza, akabaki na malighafi 200 hivi za kuchagulia katika kazi zake zote. Wapo wanaolalamika kuwa kazi zake hazikai mwilini. Sisi tuliozoea nguo zilizofukizwa udi tunawaelewa, ila kampuni ya mitindo ya Hermès, waliomwajiri mwaka 2004, hawakuwa wakimtaka auze udi.