Chanjo Ilijaribiwa Bagamoyo, Ajira Zikabaki Pune

Ndugu zangu wa Ifakara na Bagamoyo,

Nawaandikia kutoka Basel, Uswisi. Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa swali lile lile: kijana aliyesoma sayansi ataajiriwa wapi? Leo nalijibu kwa maandishi.

Mji huu na Ifakara ni jamaa wa siku nyingi. Rudolf Geigy, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyeanzisha maabara pale Ifakara mwaka 1957, ikakua hadi kuwa taasisi ya Watanzania wenyewe. Kwa ubingwa wa malaria, hakuna anayetudharau huku.

Tofauti iko kwenye ajira. Uswisi hutumia zaidi ya asilimia 3 ya pato la taifa kwa utafiti, na sehemu kubwa hutolewa na kampuni, si serikali. Afrika tulijiwekea lengo la asilimia 1. Tanzania na Kenya hatujalifikia. Lakini kinachoniuma zaidi si asilimia, ni nani anayeajiriwa. Maabara za hapa zimejaa watu wasio na shahada. Waliingia uanagenzi wakiwa na miaka 15 au 16, wakafundishwa kwa miaka 3, huku wanalipwa, huku wanasoma, wakatoka mafundi kamili wa maabara. Kwetu tukitaja utafiti tunamwona daktari wa chuo kikuu peke yake. Wako wapi mafundi wa mitambo, wakaguzi wa ubora, watunza wanyama wa maabara?

Chukueni chanjo ya malaria ya R21. Ilijaribiwa Bagamoyo, Kilifi, Mali na Burkina Faso, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023. Watoto waliochomwa sindano ni wetu, wauguzi na madereva ni wetu. Chanjo yenyewe hutengenezwa Pune, India. Mradi wa majaribio ukifungwa, mkataba wa muuguzi wa Bagamoyo nao umekwisha. Mfanyakazi wa Pune huendelea kuingia zamu maadamu dozi zinaagizwa.

India haikuokota bahati hiyo. Sheria yake ya hataza ya mwaka 1970 iliwaruhusu wenye viwanda kutengeneza dawa zilizobuniwa na wengine kwa njia zao wenyewe, wakajijengea mafundi kizazi baada ya kizazi. Nasi tuna ushahidi wetu kwamba inawezekana: kiwanda cha A to Z cha Arusha kilipokea teknolojia ya vyandarua kutoka Sumitomo Chemical ya Japani, kikaajiri maelfu.

Basi nawaomba, hasa nyinyi madiwani na wabunge wetu: mradi mwingine wa majaribio ukija, ulizeni kabla kibali hakijatolewa. Vijana wangapi wa kidato cha nne watafundishwa kazi ya maabara? Nani atawalipa wafadhili wakiondoka? Na chanjo ikifaulu, itajazwa kwenye chupa wapi? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.



Ndugu yenu,
Basel, Uswisi