REDIO IPIMWE MOTONI, SI MEZANI

Ndugu Wafanyakazi wa Kaunti,

Kaunti ikitaka kufanya upya redio zake za dharura, kwanza huitwa wauzaji, pili huitwa wahasibu, tatu huitwa wapiga picha. Yule atakayeibeba redio hiyo ndani ya moshi huitwa mwisho, aje atie sahihi kwamba ameipokea. Sisi twasema waziwazi: mwendo huo haufai, na tutaupinga.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka kazi ya zimamoto, ya magari ya wagonjwa na ya maafa mikononi mwa serikali za kaunti. Hakuna kaunti hata moja katika zile 47 inayoweza kusema kazi hii si yake. Lakini polisi ni wa serikali ya taifa. Basi moto ni mmoja na serikali ni mbili. Kama redio zao hazisikilizani, atakayelipa ni mwananchi, na pamoja naye mfanyakazi aliyetumwa kumwokoa.

Wako mabwana wanaouliza: redio za nini, na kila mtu ana simu mfukoni? Jibu letu ni hili. Simu ya mfukoni ni ya watu wote, na siku ya maafa watu wote huipiga kwa saa moja. Huko London, tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalipowaua watu 52, wakuu wa magari ya wagonjwa walitegemea simu hizo, na njia zikasongamana. Chini ya ardhi nako redio za zimamoto hazikuweza kusema na watu wa juu. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa baada ya moto wa stesheni ya King's Cross wa 1987 uliowaua watu 31. Miaka 18 ilipita bure!

Tena wako wanaodhani kitu kipya ni lazima kiwe chema. Mwezi wa Machi 2001, zimamoto wa New York walipewa redio mpya za dijitali. Baada ya siku chache zilirudishwa stoo, kwa sababu mwenzao aliyepotea ndani ya nyumba iliyokuwa ikiungua aliita msaada na walio karibu naye hawakumsikia. Wakarudia redio za zamani, ambazo udhaifu wake ndani ya majumba marefu ulijulikana tangu bomu la 1993. Tarehe 11 Septemba mwaka ule ule, jumba la kwanza lilianguka saa nne kasoro dakika moja asubuhi, na la pili dakika 29 baadaye. Amri ya kutoka ilitolewa kwa redio, lakini baadhi ya waliokuwa ndani ya jumba la pili hawakuisikia. Polisi walikuwa na helikopta angani na redio zao mbali, na maonyo yao hayakuwafikia zimamoto. Siku ile zimamoto 343 walikufa.

Ndugu, hatukatai mitambo mipya. Mtandao wa data unaomwonyesha mpokea simu mahali gari lilipo, na kumpelekea dereva ramani ya njia, ni msaada mkubwa. Lakini aliyenaswa chini ya paa lililoanguka hana mkono wa kubonyeza kioo. Ana sauti tu. Sauti ije kwanza, data ifuate.

Tena redio ya zamani ukienda mbali hukwaruza, nawe unajua kwamba unapotea. Ya dijitali husikika safi, kisha hukatika ghafula. Na ile ripita ya mlimani, inayopokea sauti dhaifu na kuirusha tena kwa nguvu, ikitegemea stima peke yake, stima ikipotea wilaya nzima huwa bubu. Kamba hukatikia pembamba.

Kwa hiyo twadai:

1. Wafanyakazi wa zimamoto, wa magari ya wagonjwa na wa meza ya simu wawe katika kamati kabla tenda haijatangazwa.

2. Redio zipimwe sokoni, bondeni, ndani ya ghorofa na chini yake, mikononi mwa wenye kazi, kabla pesa hazijalipwa.

3. Kila ripita iwe na betri na jenereta, na fungu la kuzitunza liandikwe katika bajeti ya kila mwaka.

4. Iwepo njia moja ya kusemezana na polisi, na ijaribiwe kwa mazoezi.

5. Redio za zamani zisiondolewe mpaka mpya zimethibitika.

6. Habari za mwendo wa magari zitumike kuokoa watu. Zikitakiwa kumshtaki dereva, kwanza pawepo mapatano yaliyoandikwa na chama.

Hatuombi fadhila. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na shida ya redio aijuaye ni mwenye kuibeba.

Basi kila stesheni ianze leo kuandika mahali pote ambapo redio haisikiki, mtaa kwa mtaa, jumba kwa jumba. Wajumbe walete orodha hizo katika mkutano wa tawi. Muuzaji akija na picha zake nzuri, nasi tutakuwa na orodha yetu mkononi.

Umoja ni nguvu!