Mti wa Mara na binti wa kwaya

Fungua Biblia yako, Kutoka 15 kuanzia mstari wa 22. Wana wa Israeli wametembea siku tatu jangwani bila maji. Wanafika Mara (si mkoa wetu ule), maji wanayakuta, lakini ni machungu. Watu wananung'unika. Musa anamlilia Bwana, naye anaonyeshwa mti. Anautupa majini, maji yanakuwa matamu.

Wahubiri wengi tunakimbilia muujiza. Mimi leo nasimama kwenye huko kuonyeshwa. Mungu alimwonyesha mtu, kisha mikono ya mtu ikafanya kazi.

Akina mama wanaoujua mlonge watanielewa. Mbegu zake zikimenywa, zikatwangwa na kukorogwa kwenye ndoo ya maji ya tope, tope hushikana na kuzama. Protini ya mbegu ina chaji chanya, chembe za udongo zina chaji hasi, basi zinavutana. Hiyo ni kemia. (Maji hayo bado uyachemshe, maana vijidudu havitoki vyote.)

Maji ya Mara ulimi uliyakataa. Yapo maji maangavu, matamu, na yana sumu. Profesa Catherine Ngila, mwanakemia wa Kenya, amefanya kazi ya kuyafichua hayo: mwaka 2021 alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi, kwa mbinu zake za kutumia nanoteknolojia kupima vichafuzi vya maji. Mama wa Afrika Mashariki, jirani yetu kabisa.

Sasa nirudi nyumbani, Mhezi. Sisi Wapare akili ya maji tunayo tangu zamani. Wazee walijenga ndiva, maji yakakusanywa usiku, asubuhi yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Lakini ndoo ya nyumbani iko kichwani kwa binti, na ni huyo huyo tunayemwambia sayansi ni ngumu, achukue masomo mengine.

Nimekaa kwenye kikao cha kanisa ambapo fedha za spika mpya zilipatikana kabla chai haijapoa. Mzee mmoja akasimama, akaomba tuchangie vifaa vya maabara ya sekondari. Tukamjibu kwamba hilo ni la serikali. Nami nilikuwa miongoni mwa walioitikia.

Baada ya ibada binti mmoja wa kwaya, yuko kidato cha tatu, alinisalimia, "Shikamoo baba mchungaji." Nikamuuliza habari za masomo. Akasema kemia anaipenda, ila asidi ameichora tu daftarini, hajawahi kuiona. Hakuwa analalamika. Alikuwa ananijibu swali.

Spika zinalia vizuri sana, nakiri. Kikao kinakutana tena Jumapili ijayo, na ajenda ya kwanza iliyoandikwa ni zulia la madhabahuni. Nimemwomba katibu aiondoe, aandike maabara.