Hasira Haifundishwi Jukwaani

Mwandishi mmoja wa safu ya elimu anadai kuwa maigizo shuleni yanapoteza muda wa masomo, yanachokonoa vidonda ambavyo mwalimu hawezi kuvitibu na, baya zaidi, yanamzoesha mtoto hasira.

Hili la mwisho ndilo bovu kuliko yote. Kwani kabla ya jukwaa mtoto alikuwa haijui hasira? Ameiona nyumbani, ameionja kwenye fimbo, amepigana ngumi uwanjani. Mwandishi angekaa siku moja tu kwenye zoezi lenyewe, asingeandika hayo. Katika mtindo wa Augusto Boal, Mbrazili, igizo husimamishwa pale pale linapochacha: mvulana kachaniwa daftari, mkono keshauinua. Mtazamaji mmoja anaingia, anashika nafasi yake na kujaribu njia nyingine. Ikishindikana, anaingia mwingine. Darasa zima linaona kwamba kati ya kukasirika na kupiga kuna nafasi ya kuamua. Utaliandikaje hilo ubaoni?

Vidonda? Mtoto anaigiza mhusika wa kubuni. Halazimishwi kutoa siri zake. Mwenye dalili nzito apelekwe kwa mshauri, kuwe na igizo kusiwe na igizo.

Na muda? Igizo laweza kuyasaidia masomo yenyewe: mradi wa Tuseme ulianza Tanzania mwaka 1996, ukiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili wasichana waseme kwa sanaa yale yaliyokuwa yakiwakwamisha masomoni. FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, likaueneza katika nchi nyingine za Afrika.

Walimu wakuu, rudisheni kipindi cha sanaa kwenye ratiba.