Waraka kwa wanachama: mabaka ya miguuni

Ndugu wanachama wenzangu wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi,

Waraka huu usomwe kwa sauti kila kikundi, maana wapo wasiojua kusoma na wapo wenye miwani mibovu, nikiwemo mimi.

Mtu akitokwa na mabaka meusi au ya zambarau mguuni, usoni au ndani ya mdomo, yasiyouma wala kuwasha, tunasema karogwa. Mguu ukivimba, tunasema matende. Huenda ni saratani ya Kaposi. Ilielezwa na daktari Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, na Afrika Mashariki ilikuwepo kabla ya UKIMWI kujulikana. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore walikuta ndani ya uvimbe wake kirusi cha ukoo mmoja na kile cha mkanda wa jeshi. Huambukizwa zaidi kwa mate, wengi tangu utotoni. Mwenye kinga imara huweza kuzeeka nacho bila baka hata moja. VVU vikishusha kinga, kinapata upenyo. Jua halihusiki. (Ndugu zetu wenye ualbino waendelee kujikinga nalo, saratani inayowawinda wao ni nyingine.)

Basi dawa ya kwanza ni ARV, na hapa nisikilizeni vizuri. Wapo wanaoanza dawa, baada ya wiki chache mabaka yanaongezeka, wanatupa vidonge wakidai ndivyo vilivyowaletea. Sivyo. Kinga ikiamka, ugonjwa uliojificha unaweza kufura kwanza. Endelea kumeza, urudi kliniki ya VVU (CTC) hata kama tarehe yako bado. Wengine watahitaji pia dripu za dawa za saratani, na kupewa rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road si kuagwa. Tena usinunue prednisolone dukani, wala usikubali sindano ya mzio kabla hujataja hali yako ya VVU: dawa za aina hiyo hushusha kinga na kuichochea Kaposi.

Wavuvi wa usipa mnaolala kambini, nanyi mlio kwenye kahawa, ombeni mapema ARV za miezi kadhaa, msije mkakatiza dozi.

Viongozi, kikao kijacho watu wavue viatu, wapandishe nguo hadi magotini, na midomo imulikwe kwa tochi. Mwenye haya aangaliwe pembeni na wa jinsia yake. Atakayeonekana na baka asiandikwe kwenye daftari la kikundi, asindikizwe CTC.

Wenu,
Katibu